Wiki ijayo iliyochukua miaka 47

Mjomba alikuwa baharia, na kila aliporudi Tanga alikuja na kitu kilichofungwa ndani ya kitu. Mwaka 1974 kilikuwa seti ya vikombe vya chai, sita na visahani vyake, kila kimoja kimeviringishiwa karatasi. Mama alivifungua kimoja kimoja akavipanga mkekani huku majirani wa Ngamiani wakichungulia mlangoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa na vikombe havikunihusu. Nilikuwa naokota karatasi.

Nyingi zilikuwa za gazeti la kawaida, maandishi matupu. Moja ilikuwa na hadithi ya picha. Ilikuwa karatasi pana iliyokunjwa katikati, kwa hiyo ilitoa kurasa nne, na mkunjo ule ulikuwa na matundu mawili ya pini. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na wanaume wawili ndani ya gari, mmoja amevaa suti, mwingine amevaa glavu. Gari linateremka mlima. Picha ya mwisho inaonyesha kiatu kimekanyaga breki hadi sakafuni na breki haishiki. Chini yake maneno machache ya Kiingereza. Dada Zuhura, ambaye alikuwa sekondari na aliogopwa kwa Kiingereza chake, aliyasoma akatafsiri: "Inaendelea wiki ijayo."

Nikamuuliza kama mjomba atarudi wiki ijayo. Akaniambia mjomba anarudi mwakani, tena inshallah.

Basi tukaimalizia wenyewe. Zuhura ndiye aliyetunga: yule wa glavu ni utingo. Utingo gani anakaa tu garini breki zikikatika? Anaruka, anaokota jiwe, anakimbia pembeni ya gari, analitia chini ya tairi la nyuma. Gari linasimama, suti haikukunjika hata kidogo. Tuliicheza hadithi hiyo uani mara nyingi, na utingo nilikuwa mimi kila siku.

Lazima nieleze jambo moja kwa vijana. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar waliianza miaka ya sabini mwanzoni, tena ya rangi, lakini sisi neno televisheni tulilijua kama tulivyolijua neno theluji. Hivyo sikuwa na namna ya kufahamu kwamba wale watu wawili walichorwa kutoka kwenye kipindi, na kwamba zile zilikuwa sura za watu halisi. Kaka zangu walikuwa na magazeti ya Spear, yale ya kachero Mwafrika yenye picha za kupigwa kwa kamera, na pale angalau uliona binadamu. Karatasi yangu niliihesabu kuwa katuni tu, mtu kakaa akabuni.

Halafu, kama miaka miwili baadaye, nikaingia sinema ya Majestic kuangalia James Bond. Mwanga ukazimwa, yule bwana akatokea, nikamshika mwenzangu mkono nikasema kwa sauti, "Huyu ninaye nyumbani!" Watu wa nyuma wakaniambia nikae kimya. Lakini alikuwa yeye: nyusi ile iliyopanda juu, nywele zile, suti ileile. Toka siku hiyo nikawa na hakika kwamba karatasi yangu ni ya James Bond. Hakika hiyo ilinigharimu miaka.

Nilifika Leicester mwaka 1998, nikawa dereva wa basi. Karatasi nilikuja nayo ndani ya kitabu, imekunjwa mara nne, rangi ya chai. Jumapili za kiangazi Waingereza wana gulio lao: watu wanapanga magari uwanjani, wanafungua buti, wanauza vitu vya ndani. Utakuta viatu, birika, kanda za muziki, na masanduku ya magazeti ya watoto ya zamani ambayo mama wa mtu ameyatoa darini. Nikaanza kuuliza Bond. Kila wikiendi niliyopata nafasi, Bond, Bond. Vitabu vya Bond nilivipata, vya picha pia, vingine nikavinunua. Mle ndani hamkuwa na mtu wa glavu hata mmoja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye meza ya magazeti, mtu wa maneno machache. Sikuwa hata nanunua, nilimwonyesha karatasi tu. Aliitazama labda sekunde tatu.

"Huyu si Bond," akasema. "Ndiye Roger Moore, lakini hapa bado hajawa Bond. Huyu ni Lord Brett Sinclair. Na huyo wa glavu ni Tony Curtis."

Kumbe. *The Persuaders!* kilianza kuonyeshwa Septemba 1971 kwenye ITV. Si ITV yetu ya Mikocheni, ni ile ya Uingereza, ingawa nikiwasimulia ndugu zangu hapo huwa wanacheka kwanza. Lord mmoja wa Kiingereza, Brett, na tajiri mmoja wa Kimarekani aliyekulia mitaa ya maskini, Danny, wanasukumwa na jaji mstaafu kuwasaka wahalifu walioponyoka sheria. Vilitengenezwa vipindi 24, vikamalizika kuonyeshwa Februari 1972, na mwaka uliofuata Moore akatoka kama Bond kwa mara ya kwanza. Zile glavu Tony Curtis alizivaa kila mara. Ningekuwa na televisheni Tanga ningejua ndani ya dakika moja.

Kisha yule mzee akanifundisha kitu ambacho bado nakitumia. Akaniuliza namba za kurasa. Pembeni zilikuwa hafifu lakini zilisomeka: 7 na 18 upande mmoja, 8 na 17 upande wa pili. Akasema, jumlisha. Saba na kumi na nane, 25. Nane na kumi na saba, 25. Gazeti linaloshikwa kwa pini katikati ndivyo lilivyo: namba mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi siku zote zinajumlika kuwa idadi ya kurasa zote na moja zaidi. Kwa hiyo gazeti langu lilikuwa na kurasa 24. Akageuza ukurasa wa 17, akanionyesha mtu mwenye nywele nyingi za mvi na koti la mahameli ambaye miaka yote hiyo nilimdhania mchawi fulani. "Huyo ni *Doctor Who*, yule Daktari wa kipindi cha BBC. Pole."

Sikuelewa kwa nini anipe pole. Nilikuja kuelewa kwenye mfuko.

Gazeti lenyewe lilizaliwa likiitwa *Countdown*, toleo la kwanza la tarehe 20 Februari 1971. Tarehe hiyo ni rahisi kuikumbuka, maana siku tano kabla yake Waingereza walikuwa wameiacha ile hesabu yao ya peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni. Mtu akikuletea toleo lenye bei ya zamani peke yake akakuapia ni *Countdown*, mwachie. Lilitolewa na kampuni iitwayo Polystyle, ambayo ilichanganya vipindi vya BBC na vya ITV. Mshindani wake, *Look-in*, lilianza Januari mwaka huohuo na lilikuwa mali ya ITV, hivyo humo usitafute cha BBC. *Look-in* majalada yake ya rangi yalichorwa kwa miaka na Muitaliano Arnaldo Putzu, aliyekuwa fundi wa mabango ya sinema, na hadithi nyingi za ndani aliziandika mtu mmoja, Angus Allan. Ni gazeti zuri na liliishi hadi 1994. Lakini kwa makachero mimi nasimama na *Countdown*.

Hapa ndipo penye kosa langu la kwanza la pesa. Aprili 1972 *Countdown* lilibadilishwa jina likawa *TV Action + Countdown*, baadaye *TV Action* peke yake. Mimi nikadhani ni magazeti matatu. Nikanunua "seti" tatu kutoka kwa watu watatu, nikafika nyumbani nikagundua namba zinaendelea moja kwa moja, kutoka 1 hadi 132, gazeti ni lilelile limebadilisha kanzu. Nikabaki na nakala mbilimbili za matoleo 19. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu hapo nina daftari la shule, la mistari, lenye namba 1 hadi 132, na kila ninayoipata naipiga mstari.

Mtindo huo wa majina una mkasa wake. Gazeti la watoto Uingereza halikufa hivihivi, liliozeshwa. Wiki moja msomaji anaambiwa kuna habari njema kubwa ndani, na habari njema ni kwamba kuanzia wiki ijayo gazeti lako linaungana na jingine. Jina lake linawekwa chini ya jina la mwenzake kwa herufi ndogo, kama mke wa pili kwenye barua ya mwaliko, na baada ya muda herufi zinapungua, siku moja huzioni. *TV Action* lilikwisha Agosti 1973 likaolewa na *TV Comic*, bibi wa tangu 1951 ambaye aliendelea kuzika wenzake hadi 1984.

Nirudi kwenye ile pole. Mtu anayekusanya makachero hushindana na watu wasiojali makachero. Wapenzi wa *Doctor Who* ni wengi, wana fedha, na wanataka kila karatasi aliyowahi kuchorwa. Vivyo hivyo wapenzi wa vikaragosi vya televisheni vya Gerry Anderson, vile vya *Thunderbirds* na wenzake. *Countdown* lina vyote viwili. Kwa hiyo mimi nikitaka kurasa mbili za Brett na Danny nalipa bei ya Daktari. Ushauri wangu kwa anayeanza leo: kama moyo wako uko kwa makachero tu, tafuta vitabu vile vya jalada gumu vilivyotolewa kwa ajili ya Krismasi. Vilichapishwa vingi, wengi hawavigombanii, na utavipata kwa bei ya sahani ya chipsi. Kumbuka tu kwamba kinachosema 1975 jaladani kwa kawaida kiliuzwa mwishoni mwa 1974. Na angalia pembe ya ukurasa wa ndani kama imekatwa: shangazi wa mtu alikata bei kabla ya kutoa zawadi. Mimi pembe iliyokatwa hainiudhi. Kinachoniudhi ni mafumbo yaliyojazwa kwa kalamu ya wino, tena majibu yenyewe mabaya.

*TV Action* la mwisho mwisho lilijaa makachero: *Hawaii Five-O*, *The Protectors*, na *Cannon*. Huyo Cannon nampenda kuliko wote. Kachero mwenye kitambi, anayehema akikimbia, anayetaka kumaliza chakula kwanza. Mke wangu anasema nampenda kwa sababu ya kioo.

Kuhusu sura: wachoraji wengi hawakukutana na waigizaji. Walifanyia kazi picha za matangazo zilizotolewa na studio, na ukiwa na magazeti ya kutosha utaiona kazi ilivyofanyika, maana pozi moja la Roger Moore, uso umegeuka kidogo kushoto, linarudi na kurudi, mara yuko garini, mara yuko jahazini, mara anapigwa ngumi. Akitakiwa kugeukia kulia anakuwa mtu mwingine kabisa. Ile nyusi niliyoitambua Majestic nilikuwa nimeichunguza miaka miwili kutoka kwenye picha kama hiyo, iliyonakiliwa.

Makosa mengine nayasema haraka kwa sababu yanauma. Niliziba jalada lililochanika kwa selotepu. Baada ya miaka michache plastiki ilibanduka yenyewe na gundi ikabaki ndani ya karatasi, mstari wa kahawia kama njia ya mchwa, hautoki ng'o. Nilitoa pini zenye kutu kwa kisu cha siagi, nikang'oa na karatasi ya katikati. Miguu ya pini inyooshwe taratibu kwa kitu chembamba huko ndani, kurasa za katikati, kisha pini zivutwe kutoka nje, mgongoni, na mikono iwe mikavu. Nilinunua fungu la matoleo 30 kwa pauni 45 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika "kamili". Picha kubwa za katikati zilikuwa zimenyofolewa kwenye 11. Nilipolalamika aliniambia jalada lipo, na la mwisho lipo, sasa unataka nini. Tangu hapo siulizi kama ni kamili. Naomba nihesabiwe kurasa.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la darini. Mke wangu aliniambia, "Baba Salim, nyumba imekuwa ghala, yapeleke juu." Nikayapeleka juu, masanduku manne, kabla ya majira ya baridi. Dari la nyumba ya Kiingereza ni jangwa kiangazi na kisima kipupwe. Machi nilipopanda, harufu ilinipokea ngazini. Sanduku lililogusa ukuta lilikuwa na ukungu wa kijani, kurasa zimegandana kama chapati zilizowekwa moto moto kwenye sufuria. Matoleo 14. Nilikaa palepale darini nikiyabandua moja moja hadi nikachelewa zamu. Sasa yako chini ya kitanda, yamelala chali, kila moja kwenye mfuko wa plastiki isiyo na harufu. Plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni usiitumie, inakula wino. Mama Salim analala juu ya makachero na hasemi kitu.

Kitu kimoja kilichonifurahisha kuliko thamani yake. Wenye maduka ya magazeti zamani waliandika kwa penseli, pembeni juu ya jalada, namba ya nyumba ya mteja, ili kijana wa baiskeli ajue pa kulitupa. Matoleo yangu mengi yana namba hizo. Nilikuwa nayapanga siku moja nikaona "27", yenye saba iliyopigwa kistari katikati. Nikaona nyingine. Nikatafuta kwenye masanduku yote, nikapata tisa, na nilikuwa nimezinunua kwa watu wanne tofauti, wengine umbali wa saa tatu kwa gari. Mtoto mmoja wa nyumba namba 27 alisoma magazeti haya, yakatawanyika, nami dereva wa basi kutoka Ngamiani nikayakutanisha chini ya kitanda. Hayo tisa siyauzi.

Karatasi yangu ilijulikana mwaka 2009. Kwa kuwa kipindi kilianza Septemba 1971, matoleo ya kabla ya hapo niliyaweka kando, nikabaki nafungua yaliyobaki kila nilipoyapata na kwenda moja kwa moja ukurasa wa 7. Siku hiyo nilikuwa kwenye basi, mapumziko ya dakika 40 stendi, fungu dogo la matoleo sita nililolipokea asubuhi. La nne nikalifungua, kiatu kikanitazama. Sikutaka kuamini, nikasubiri hadi usiku nikalinganisha na ya kwangu mezani. Zilikuwa sawa, tofauti ni kwamba ya gazeti ilikuwa na mwanzo: sasa nilijua nani aliyezikata zile breki, na kwamba alikuwa mwanamke aliyewapikia chai.

Lakini toleo la wiki iliyofuata halikuwemo. Kwenye daftari langu namba hiyo ilikaa bila mstari miaka 12. Nililiona mara mbili mnadani na mara zote mbili likachukuliwa, nina hakika na mtu aliyemtaka Daktari. Lilikuja mwaka 2021, bila jalada, kwa pauni tatu, kutoka kwa mama mmoja aliyeliorodhesha kama "gazeti la watoto, limechakaa".

Nilifunga mlango wa jikoni. Nikafungua. Brett anapinda usukani, gari linaingia kwenye lundo la majani makavu, linasimama. Picha moja. Picha ya pili tayari wako hotelini, wamebadilisha nguo.

Nikapiga picha kurasa zote mbili nikamtumia Zuhura kwa WhatsApp, ile ya vikombe kwanza, kisha hii. Yeye sasa ni bibi wa wajukuu saba, yuko palepale Tanga. Ujumbe wake wa sauti ulikuja baada ya swala ya isha, na nyuma yake nasikia sufuria.

"Nimeyaona, mdogo wangu. Majani? Mlimani majani makavu nani kayaweka? Hao hawajapanda lori hata siku moja. Nenda kaangalie vizuri, yule mwenye glavu alishuka na jiwe."